Ukienda kuzuru makaburi ya Kilwa, tazama mwezi kwanza

Safari yangu ya kwanza kwenda kisiwa cha Songo Mnara ilinigharimu ndara moja, na mpaka leo iko huko kwenye tope la mikoko. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa maji. Tuliondoka Kilwa Masoko mapema, watu wanne na kikapu cha maandazi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, nami nikausifia uzuri wake bila kujua unanitayarishia nini. Saa nne asubuhi tulipofika, bahari ilikuwa imeshakimbia. Nahodha akazima mashine mbali na nchi kavu, akatuonyesha msitu wa mikoko kwa kidevu, akasema, "Haya wageni, karibuni." Tukashuka. Tope likanifika magotini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa mwezi, makaburi yatafuata. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu hii maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi. Ndiyo saa hasa anayofika mgeni aliyetoka Masoko baada ya chai. Ngoja wiki moja, mwezi ubaki nusu, mambo yageuke. Maji mafu hayaendi mbali, tena hujaa asubuhi, boti ikakusogeza mpaka karibu na njia. Usiniamini mimi, muulize nahodha siku mbili kabla. Yeye hahitaji jedwali.

Kilwa Kisiwani haina shida hiyo. Ni mkono tu wa bahari mbele ya bandari ya Masoko, na mashua za wenyeji hupita kutwa nzima na ndoo, magunia na watoto wa shule. Songo Mnara ndiyo iko mbali, kusini zaidi, na ndiyo inayotaka siku nzima.

Kufika Masoko kwenyewe siku hizi ni rahisi. Mabasi yanaondoka Mbagala, Dar es Salaam, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na kama basi lako ni la Lindi au Mtwara unashuka Nangurukuru na kutafuta gari la kuingia Masoko. Kibali cha kuingia magofuni kinakatwa Masoko kabla hujapanda boti, na mwongozaji unampata hapo hapo. Usijaribu kukwepa lolote kati ya hayo mawili.

Sasa, unakwenda kuona nini? Binamu yangu anayeishi Ireland aliwahi kunitumia picha za Newgrange, kilima cha mawe chenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Kina mlango, kina ujia mrefu, na mwishoni kina chumba cha wafu ambamo jua la asubuhi huingia siku chache tu za Desemba. Akaniuliza kama na sisi tuna makaburi ya kuingia ndani. Nikacheka. Chumba tunacho, lakini chetu ni mwanandani, na mwanandani hufungwa siku ya maziko, basi. Anayetaka kupita mlangoni na tochi Kilwa hatapata kitu. Kilichoko juu ya ardhi ni ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa, umbo la sanduku refu lisilo na kifuniko, na baadhi yake pembe zimepandishwa kama vidaraja vya ngazi. Ndani ya sanduku ni mchanga, majani makavu, na pengine mzizi wa mti uliojipenyeza na kupasua ukuta kwa taratibu ya miaka mia.

Lakini makaburi hayo yanasomeka, na hapa ndipo nitakapokuchelewesha. Simama kandoni mwa kaburi lolote la Kisiwani, kisha tafuta jua. Utaona kaburi limelala mashariki na magharibi. Maka iko karibu kabisa na kaskazini ya Kilwa, na maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla. Piga hesabu hiyo kwa mwili wako mwenyewe, kama nilivyofanya mimi nimesimama katikati ya magofu nikijigeuzageuza mpaka watoto wakanicheka: kichwa lazima kiwe mashariki, miguu magharibi. Ukishajua hivyo hutakanyaga tena ovyo, maana unajua kichwa cha mtu kiko wapi.

Kisiwani, usikimbilie Husuni Kubwa. Najua kila mtu anataka picha ya lile birika la pembe nane, na ni kweli jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, si la kudharauliwa. Ila jua likishapanda, kilima kile hakina huruma. Anza na Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11, kisha ingia Nyumba Kubwa iliyo jirani yake. Ndani ya kuta zake mna makaburi manne, na husimuliwa kwamba moja ni la sultani. Hakuna nakshi ya kukwambia ni lipi. Mwongozaji wetu alituacha pale tukakaa kimya, naye akaenda kuongea na mtu wa mbuzi. Namshukuru kwa hilo kuliko maelezo yote aliyotoa. Halafu shuka hadi msikiti wa Malindi, karibu na ngome iitwayo Gereza, ambako makaburi yamesongamana na bahari inasikika. Bahari hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimega kingo za kisiwa. Magofu haya yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na kutolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta.

Songo Mnara ni jambo jingine. Ni mji uliosimamishwa karne ya 14 na kuachwa karne ya 16, na hapakujengwa mwingine juu yake, kwa hiyo unatembea katika mitaa yenyewe. Nyumba zimekaa zikizunguka uwanja, na katika uwanja huo mna msikiti na makaburi. Watu hawakupeleka maiti wao nje ya mji. Waliishi wakiwatazama, mtu akifungua mlango asubuhi anaona babu zake.

Ilikuwa hapo, katika safari ile ya ndara, niliinama nikaokota kijiwe cheupe kilichokuwa juu ya mchanga wa kaburi moja. Kizuri, laini, ukubwa wa yai la njiwa. Nilikuwa nimeshakifuta na kukitia mfukoni.

"Mwanangu," mzee aliyetuongoza aliniambia, bila kupandisha sauti, "hicho kina mwenyewe."

Nikakirudisha. Nilidhani ananitisha kwa mambo ya mizimu. Baadaye nikasoma kazi ya wanaakiolojia waliochimba Songo Mnara kuanzia 2009, wakiongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher. Kumbe vijiwe vile vya kwazi, pamoja na sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, vimekutwa penye makaburi kwa namna inayoonyesha kwamba viliachwa na wageni waliokuja kuzuru. Kisiwa cha matumbawe hakizai kwazi. Kila kijiwe cheupe unachokiona juu ya kaburi pale, mtu alikibeba kutoka bara, akakivusha majini, akakiweka. Mzee alikuwa amenieleza jambo hilo hilo kwa maneno matatu.

Mara ya pili nilikwenda na shangazi yangu wa Kivinje, na nikagundua kuwa safari ya kwanza nilikuwa mtalii. Shangazi alipokaribia makaburi alivua viatu, akajifunga kanga vizuri kichwani, akawatolea salamu waliolala kama anavyosalimia baraza la wazee. Hakuuliza mwaka wala sultani. Alipita pembeni, akaondoa majani makavu juu ya kaburi moja dogo, la mtoto bila shaka, akakung'uta mikono. Kwenye kona ya ukuta wa msikiti mmoja palikuwa na kigae chenye majivu ya ubani na chupa tupu ya marashi. Mimi nilishataka kupiga picha. Akanishika mkono. "Hiyo ni shida ya mtu," akasema. Simu nikairudisha mkobani.

Nilimsimulia njiani habari za utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, uliopima vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi katika upwa wetu, wakiwemo wa Songo Mnara. Ulionyesha kwamba kwa upande wa mama wengi wao walikuwa Waafrika, na kwa upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Shangazi akakumbuka hadithi ya Ali bin Hasan wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka. "Basi na shemeji wa nguo zile ndio sisi," akasema, akaendelea kumenya chungwa.

Mengine ni madogo. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Baada ya mvua majani hufunika kila kitu, na siafu hawana habari na kibali chako. Usikae juu ya ukuta wa kaburi hata ukiwa umechoka vipi, chokaa ile ya kale humomonyoka kwa uzito wa mtu mmoja. Beba maji yako, Songo Mnara hutakuta duka magofuni. Vaa viatu vya kufunga kamba, nimeshasema kwa nini. Na kama mfuko hauruhusu kwenda Kilwa mwaka huu, Kunduchi na Kaole zina makaburi ya nguzo, yenye matundu ya duara yaliyokuwa na bakuli za Kichina. Huko daladala inakufikisha karibu.

Kusi likiwa linavuma, kwenda Songo Mnara asubuhi boti hupigana na mawimbi na mtalowa. Kurudi mnasukumwa na upepo, nahodha wetu alizima mashine na kutweka tanga kabisa. Ndiyo maana nauli ya kwenda na kurudi mpatane mkiwa bado Masoko, mkiwa wakavu.