SOMO LA ROBO HII: Kazi ya Rangi Iingie Wapi Tunapohariri Video za Miradi?



Siku hizi taarifa nyingi za miradi huambatana na video fupi. Wafadhili huitazama kabla ya kusoma kurasa za taarifa, na washarika huitazama siku ya mkutano mkuu. Katika video nyingi tunaona tatizo linalojirudia. Hadithi ni nzuri na sauti inasikika, lakini mtu yule yule ana uso wa manjano katika klipu moja, wa bluu katika inayofuata, na katika ya tatu macho yake hayaonekani kabisa. Mtazamaji huacha kumsikiliza msemaji, akabaki kushangaa picha.

Dawa yake ni marekebisho ya rangi. Kazi hii haihitaji kamera mpya. Inahitaji kupewa nafasi yake sahihi katika mtiririko wa uhariri, na somo hili linaeleza nafasi hiyo.

Kurekebisha na kupamba

Tutofautishe kwanza mambo mawili. Kurekebisha rangi ni kuirudisha picha karibu na jinsi jicho lilivyoona mahali pale: nyeupe iwe nyeupe, ngozi iwe ngozi. Kupamba rangi ni kuipa filamu sura fulani kwa makusudi, kama vile joto la jioni au ubaridi wa asubuhi. Kurekebisha hutangulia daima. Anayepamba picha isiyorekebishwa hupaka rangi ukuta usiopigwa lipu.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa mitambo ya gharama kubwa iliyomilikiwa na studio chache. Mwaka 2009 kampuni ya Blackmagic Design ya Australia iliinunua kampuni ya da Vinci Systems, na mwaka 2011 ikatoa toleo la bure la programu ya DaVinci Resolve. Toleo la bure la leo linatosha kwa video za miradi. Wanaotumia Adobe Premiere Pro wana sehemu ya Lumetri, iliyoingizwa mwaka 2015. Kdenlive nayo ni ya bure na ina vifaa vya rangi. Hatua zifuatazo zinafaa kwa programu yoyote kati ya hizo.

Hatua ya 1: Kazi huanza uwanjani

Kamera haijui nyeupe ni ipi mpaka iambiwe. Mwanga wa jua la mchana ni takriban Kelvini 5,600, na wa balbu ya zamani ya waya ni takriban 2,700. Kamera ikiachwa ijichagulie yenyewe, inaweza kubadilisha rangi katikati ya mahojiano kwa sababu tu mtu aliyevaa shati jekundu amepita nyuma. Hivyo basi, pimeni weupe kwa karatasi nyeupe au kadi ya kijivu, kisha mfunge kipimo hicho. Rekodini kadi hiyo kwa sekunde chache mbele ya uso wa msemaji, kwani itamsaidia mhariri baadaye.

Angalieni pia mahali pa kukaa. Turubai la bluu humwaga bluu usoni, na chini ya mwembe majani hutupa kijani. Kanisani, taa za mirija zikichanganyika na mwanga wa dirishani, upande mmja wa uso hutofautiana na mwingine, na hilo ni gumu kusahihisha. Ni rahisi kuzima taa na kusogeza kiti karibu na dirisha kuliko kuhangaika saa nzima kwenye kompyuta.

Hatua ya 2: Nakala mbili za asili

Kabla ya kukata chochote, nakilini faili zote katika diski mbili tofauti. Programu za uhariri haziandiki juu ya faili ya asili. Hutunza maelekezo tu, nayo hutumika wakati wa kutoa filamu. Hii ndiyo sababu rangi inaweza kubadilishwa mara kumi bila hasara, mradi mfanye kazi kutoka faili za asili. Msitumie klipu zilizokuja kwa WhatsApp, kwa kuwa zimeshabanwa.

Hatua ya 3: Hadithi kwanza, rangi baadaye

Hapa ndipo wengi hupotea. Mhariri hupokea klipu, akaanza kuzipendezesha moja moja, kisha nusu yake zinatupwa. Kanuni ni hii: rangi hufanywa baada ya mpangilio wa picha kufungwa, yaani baada ya kamati kuitazama filamu na kukubali kwamba hakuna klipu itakayoongezwa, kuondolewa au kurefushwa.

Tuchukue hesabu. Filamu ya dakika 8 yenye klipu za wastani wa sekunde 5 ina klipu 96. Kila klipu ikipewa dakika 2, ni dakika 192, yaani saa 3 na dakika 12. Kamati ikibadili mpangilio baada ya hapo, sehemu ya kazi hiyo hurudiwa. Aidha, rangi huamuliwa kwa kulinganisha klipu na jirani yake, na kabla ya kufunga mpangilio bado jirani hajajulikana.

Kuna ruhusa moja. Klipu ikiwa na giza kiasi kwamba haiwezekani kuamua kama ifae, iongezwe mwanga kwa haraka, na marekebisho hayo yafutwe kazi halisi inapoanza.

Hatua ya 4: Mpangilio wa kazi yenyewe

Kwanza, mwanga. Fungueni kipimo kiitwacho wevufomu. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama picha yenyewe, na urefu wake ni mwangaza: chini ni weusi kamili, juu ni weupe kamili. Shusheni maeneo ya giza yakaribie chini, na pandisheni maeneo ya mwanga yasigonge juu. Anga iliyokwisha kuungua na kuwa nyeupe tupu hairudi, kwa kuwa hakuna kilichorekodiwa pale.

Pili, mwelekeo wa rangi. Tafuteni kitu mnachojua kuwa cheupe au cha kijivu, kisha ondoeni bluu au manjano iliyozidi hadi kitulie.

Tatu, ukolezi wa rangi. Ongezeni kidogo tu. Kamera nyingi za kawaida na simu hurekodi kwa biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. Picha ya namna hiyo ikivutwa sana, anga huanza kuonyesha mistari kama ngazi.

Nne, kulinganisha. Filamu yetu ya klipu 96 inaweza kuwa imetoka katika mandhari 12 tu. Chagueni klipu moja bora ya kila mandhari, irekebisheni vizuri, kisha nakilini marekebisho hayo kwa nyingine za mandhari ile ile na kugusia panapohitajika. Saa tatu huweza kupungua sana.

Kupamba, kama kupo, huja baada ya hayo. Maandishi, nembo na majina ya wasemaji huwekwa juu ya rangi, ili marekebisho yasiyaguse.

Ngozi zetu zionekane

Kipimo cha pili, vektaskopu, kina mstari unaoonyesha mwelekeo wa rangi ya ngozi. Ngozi za watu wote, weusi na weupe, huangukia karibu na mstari huo. Kinachotofautiana zaidi ni mwangaza na ukolezi. Kwa hiyo haifai kumpandisha mtu mweusi mwangaza hadi afanane na mgeni aliyesimama naye. Mpeni mwanga wa kutosha uso na macho vionekane, na ngozi ibaki na weusi wake.

Tunasisitiza hili kwa sababu historia inatufundisha. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ni katika miaka ya 1990 Kodak ilipotoa kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali. Msiamini kitufe cha kurekebisha chenyewe bila kutazama uso wa mtu.

Mpaka wa uaminifu

Rangi inaweza kusema uongo. Maji ya kisima cha zamani yakiongezwa ukahawia kidogo, na ya kisima kipya yakiongezwa bluu, filamu hupendeza na ushahidi huharibika. Mfadhili anayeitazama anaamua kuhusu fedha, na mwanakijiji anayeitazama anajijua. Tunapendekeza kanuni hii: klipu za kabla na baada ya mradi zipewe marekebisho ya aina moja, zikipimwa kwa kadi ile ile, na zisipambwe kabisa. Faili za asili zihifadhiwe ili anayeuliza aonyeshwe.

Hatua ya 5: Kutoa filamu

Toeni kwa kiwango cha rangi cha Rec. 709, ambacho kimekuwa msingi wa televisheni za HD tangu 1990. Kabla ya kusambaza, itazameni kwenye simu, kwenye kompyuta nyingine, na kwenye projekta ya ukumbini. Projekta hufifisha giza, hivyo uso unaoonekana vizuri kwenye kompyuta unaweza kupotea ukutani.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, mpango kazi wetu una siku iliyotengwa kwa rangi, baada ya kamati kuidhinisha mpangilio wa picha?
2. Nani ana mamlaka ya kusema, "Mpangilio umefungwa"?
3. Nakala mbili za faili za asili ziko wapi, na nani anazitunza?
4. Mtu aliyehojiwa akiitazama filamu, atajitambua yeye na mahali pake?

Swali la nne ndilo zito. Kamati ikiweza kulijibu ndiyo bila kusita, kazi ya rangi imefanyika vema.