Palermo: Anza kwa Kula Umesimama

Ukishuka kwenye stesheni ya Palermo Centrale na tumbo tupu, usitafute mgahawa wenye meza na vitambaa vyeupe. Vuka uwanja, shika Via Maqueda, kisha ukate kushoto kuingia vichochoroni mpaka usikie wauza samaki wakinadi kwa kupokezana, kila mmoja akijaribu kumfunika jirani yake. Hapo ni Ballarò, soko la mji huu tangu zama za Waarabu, nawe umetembea kama dakika kumi tu. Njoo asubuhi au kabla ya saa nane mchana. Jioni meza nyingi za mboga huwa zimefungwa na kunabaki vijana na bia.

Kaida ya Palermo ni kwamba chakula chake halisi kinaliwa barabarani, kwa mkono, kutoka kwa mtu anayepika kitu kimoja au viwili maisha yake yote. Migahawa ipo, na mizuri, lakini mgeni anayeanzia huko atakula Italia ya jumla, ile ya kila mahali. Kwa hiyo mchana wa kwanza ule kwenye vibanda, na meza uiache hadi usiku.

Anza na panelle. Ni unga wa dengu uliopikwa kwa maji na chumvi kama uji mzito, ukachanganywa na majani ya kotmiri, ukapozwa, ukakatwa vipande vyembamba na kukaangwa. Aliyekulia bajia za dengu ataitambua ladha kabla hajamaliza kutafuna, ila hapa hakuna pilipili. Vipande hupangwa ndani ya bofulo lenye ufuta na kukamuliwa limau. Omba wakuongezee crocchè, viazi vilivyopondwa na nanaa kisha vikakaangwa. Bei haizidi euro chache, na ni mlo wa kutosha. Kwa asiyekula nyama hiki ndicho kimbilio lake, na Mwislamu anaweza kukila kwa utulivu akishauliza swali moja: mafuta ya kukaangia ni ya mbegu au ni strutto? Strutto ni mafuta ya nguruwe. Lishike neno hilo, utalihitaji tena na tena mjini humu.

Utalihitaji hasa ukifika kwenye pani ca meusa, chakula ambacho wenyeji hukitumia kumpima mgeni. Wengu na mapafu ya ndama huchemshwa, hukatwa vipande vyembamba, halafu hutiwa kwenye sufuria pana iliyoinamishwa yenye strutto inayochemka polepole. Muuzaji huvitoa kwa uma, huvikamua kidogo na kuvijaza kwenye mkate. Atakuuliza: schietta au maritata? Yaani mseja au aliyeolewa. Mseja huja na limau tu. Aliyeolewa huja na jibini laini ya ricotta na nyingine ngumu iliyoparuzwa juu. Mimi namchagua mseja, kwa sababu limau hukata mafuta na kuliacha wengu lijieleze lenyewe.

Inasimuliwa kwamba mlo huu ulianzishwa na wachinjaji wa Kiyahudi wa Palermo, ambao dini yao iliwakataza kupokea fedha kwa kazi ya kuchinja, hivyo wakalipwa kwa matumbo na maini na wakayauza ndani ya mkate. Wayahudi walifukuzwa Sisili kwa amri ya mwaka 1492, na chakula kikabaki kwa jirani zao Wakristo, ambao ndio waliozoea mafuta ya nguruwe. Mwislamu basi aupishe mkate huu hata akiambiwa nyama ni ya ndama. Anayeweza kuula aende Porta Carbone, kibanda kilicho mbele ya bandari ndogo ya La Cala, ambako wavuvi na makarani wanapanga mstari mmoja. Antica Focacceria San Francesco, iliyofunguliwa mwaka 1834 mkabala na kanisa la San Francesco d'Assisi, nayo inauza, na jengo lenyewe linastahili kutazamwa. Ila hapo unalipia pia historia na viti.

Moshi mweupe ukikuziba njia saa za jioni, ufuate. Kuna mtu anachoma stigghiola, matumbo ya mwanakondoo au ndama yaliyozungushwa kwenye kitunguu cha majani, yakakatwakatwa mbele yako na kutiwa chumvi na limau. Yaliwe yakiwa ya moto. Yakipoa hayana maana.

Sfincione yenyewe hukufuata ulipo. Ni mkate mnene na laini uliofunikwa kwa nyanya, kitunguu kilichoiva sana, dagaa wa chumvi, jibini na chenga za mkate. Wauzaji huuzungusha mitaani kwenye Piaggio za magurudumu matatu, ndugu wa zile tuktuk zinazobeba abiria Mombasa, huku kipaza sauti kikirudia tangazo lilelile lililorekodiwa. Usinunue pizza Palermo kabla ya kuijaribu hii.

Kuhusu arancina, donge la wali lililojazwa na kukaangwa, kuna mawili ya kuzingatia. La kwanza, Palermo ni arancina, ya kike na ya mviringo. Ukisema arancino, kama wasemavyo Catania upande wa mashariki wa kisiwa, utasahihishwa na hata asiyekuuzia. La pili ni muhimu zaidi: ile iitwayo al burro, kwa siagi, inaonekana haina nyama, kumbe ndani kwa kawaida mna paja la nguruwe. Ile ya ragù ina nyama ya kusaga na njegere. Uliza ni nyama gani. Bar Touring, Via Lincoln, wana arancina kubwa waliyoiita bomba. Mtu mmoja haimalizi bila kujuta.

Vitabu vingi vya watalii bado vinakutuma Vucciria. Renato Guttuso alilichora soko hilo mwaka 1974, limesheheni nyama, samaki na matunda, na picha yake ndiyo iliyolipa sifa. Leo hakuna soko la kusema. Ni mahali pa kunywa na kula vya kuchoma usiku, pana kelele, na ukienda asubuhi utaona mawe yaliyolowa tu. Bora Il Capo, linaloanzia Porta Carini, nyuma ya Teatro Massimo. Ni safi kuliko Ballarò, bei zake ziko juu kidogo, samaki ni wazuri.

Usiku sasa kaa mezani. Migahawa hufungua jikoni kuanzia saa moja na nusu au saa mbili usiku, na kabla ya hapo utakula na watalii wenzako. Agiza pasta con le sarde: sadini wabichi, shamari mwitu, zabibu kavu, kokwa za msonobari na zafarani, juu yake chenga za mkate zilizokaangwa. Utamu na chumvi katika sahani moja si ajabu kwa mtu wa pwani, na hapa havikutokea kwa bahati. Waarabu waliuteka mji huu mwaka 831 na kuutawala hadi Wanormani walipowashinda mwaka 1072. Miwa, malimau na biringanya vilistawi katika zama hizo. Hata tambi zina ushahidi wake: al-Idrisi, mwanajiografia wa Mfalme Roger wa Pili, aliandika mwaka 1154 kwamba huko Trabia, mashariki kidogo ya Palermo, zilitengenezwa kwa wingi na kusafirishwa kwa meli kwa nchi za Waislamu na za Wakristo.

Mpishi mwadilifu hukuambia kama sadini na shamari si za msimu. Majira ya kuchipua ndiyo bora. Kipindi kingine chukua caponata, biringanya zenye siki na sukari, zinazoliwa zikiwa zimepoa. Ferro di Cavallo, Via Venezia, wanapika vyakula hivi tangu mwaka 1944 kwa bei ya mtu wa kawaida, na foleni huanza mapema. Kwenye bili utaona coperto, ada ya kukalia meza na mkate. Si wizi; imeandikwa kwenye menyu, na bahshishi si lazima.

Ukirudi Ballarò, pita Moltivolti, ambapo sahani za Kisisili na za Kiafrika ziko kwenye menyu moja. Mtaa huu umejaa wahamiaji kutoka Afrika Magharibi na Bangladesh, na kwa anayetafuta nyama ya halali, hapa ndipo pa kuanzia kuulizia.

Vitu vitamu vinataka siku yake. Katika konventi ya Santa Caterina, Piazza Bellini, kuna duka liitwalo I Segreti del Chiostro linalopika kwa mapishi ya watawa wa kike wa mji. Nunua cannolo, lakini ukubali tu ukijazwa ricotta mbele ya macho yako. Uliojazwa tangu asubuhi umeshalainika. Ganda lake kwa desturi lina strutto na mvinyo wa Marsala, kwa hiyo asiyetumia hivyo achague matunda ya martorana, yaliyofinyangwa kwa lozi na sukari, au aende ufukweni mwa Foro Italico akale aiskrimu ndani ya mkate wa brioche. Wenyeji huifanya kifungua kinywa wakati wa joto.

Tarehe 13 Desemba, sikukuu ya Santa Lucia, Palermo haigusi mkate wala tambi, kwa kumbukumbu ya meli ya ngano iliyotia nanga wakati wa njaa, watu wakaichemsha ngano nzimanzima bila kusubiri kuisaga. Siku hiyo panelle zinaliwa bila bofulo, cuccìa ya ngano na ricotta iko kila duka la keki, na arancine zinauzwa tangu alfajiri. Ukiwa mjini, toka mapema. Kufikia saa sita mchana mistari inafika barabarani.