Kiatu cha Njia ya Mlima: Anza na Mguu Wako

Likizo inakaribia, na wengi wetu tutarudi nyumbani tukiwa na hamu ya kukimbia au kupanda milima. Somo la safari hii linahusu kiatu. Linaonekana dogo, lakini kiatu kibaya humrudisha mtu katikati ya njia akichechemea, na pesa ya mwanafunzi haitoshi kununua mara mbili.

Tuchukue mfano wa anayetoka Kahendero. Kijiji chenyewe ni mwalo wa wavuvi ukingoni mwa Ziwa George, kiasi cha mita 914 juu ya usawa wa bahari. Hapo ardhi ni tambarare, yenye mchanga, vumbi na miiba. Ukivuka barabara kuu upande wa Muhokya, vilima vinaanza. Ukipanda kupitia Kilembe unakutana na mawe na mizizi, halafu msitu wenye utelezi, halafu vinamasi, na juu kabisa mwamba na barafu hadi kilele cha Margherita, mita 5,109. Mwenzake wa Bwera naye ana njia za vilimani ambazo mvua ikinyesha hugeuka sabuni. Kwa hiyo mtu akiuliza "kiatu gani ni bora?", naye aulizwe kwanza: kwa mguu upi, na kwa njia ipi?

Mguu huja kwanza. Soli nzuri kupita zote haimsaidii aliyebanwa vidole.

Pima miguu yako jioni, kwa sababu mchana kutwa huvimba kidogo. Simama juu ya karatasi, kisigino kikiwa kimegusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha pima kwa rula. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili na ufuate ule mrefu. Usidhani kidole gumba ndicho kirefu daima. Kwa baadhi ya watu ni cha pili. Ongeza sentimita moja hadi moja na nusu, maana ukiteremka mguu husogea mbele, na kucha zinazogonga ncha ya kiatu kwa saa mbili huwa nyeusi na kung'oka. Namba za Ulaya zinaongezeka kwa theluthi mbili za sentimita, hivyo mguu wa sentimita 26 unahitaji nafasi ya 27 hadi 27.5 ndani, yaani namba 41 hivi. Nasema "hivi" kwa sababu viwanda havikubaliani. Kipimo cha kuaminika ni kutoa ile soli laini ya ndani, kuiweka chini na kusimama juu yake. Nyama ya mguu ikimwagika pembeni, kiatu hicho ni chembamba kwako, hata kama namba ni yako.

Hapo kwenye upana ndipo wengi wetu tunapokosea. Aliyekulia pekupeku au kwa kandambili mara nyingi ana mguu uliotanuka mbele, vidole vikiwa vimeachana. Viatu vingi vinavyotufikia vimeundwa juu ya kalibu nyembamba, vyenye ncha iliyochongoka. Kununua namba kubwa zaidi ili kupata upana si dawa, kwa sababu kisigino kitaanza kucheza na malengelenge yatafuata. Tafuta muundo wenye nafasi mbele na mshiko nyuma. Altra, kwa mfano, hujulikana kwa nafasi ya vidole, na Salomon nyingi huelekea wembamba. Akina dada wenye miguu mipana wasione haya kujaribu viatu vya kiume, ambavyo kwa kawaida huwa vipana zaidi kwa urefu uleule.

Je, upinde wa wayo? Ukimaliza kutawadha, kanyaga saruji kavu utazame alama. Ukiona wayo mzima, upinde wako uko chini. Ukiona mbele na kisigino vimeunganishwa na mstari mwembamba tu, uko juu. Ni vizuri kujua, lakini usimwamini sana muuzaji anayekuuzia kiatu cha bei kwa sababu ya alama hiyo. Jeshi la Marekani liliwagawia askari wapya viatu kwa kufuata umbo la wayo, na majeraha hayakupungua ukilinganisha na wale waliopewa aina moja ya kiatu. Kinachofaa zaidi ni hisia ya mguu wenyewe: vaa, kimbia kidogo, teremka ngazi. Kinachouma dukani kitauma zaidi mlimani.

Sasa njia. Kwenye murami na ardhi kavu kama ya Kahendero, meno ya soli yenye urefu wa milimita 3 au 4 yanatosha. Marefu zaidi huhisiwa kama misumari na huisha upesi. Huko hatari ni mwiba: bonyeza soli kwa dole gumba, na ukikuta sponji tupu bila mpira mgumu chini, kiache. (Na kwa kuwa tuko huko: kando ya ziwa usikimbie gizani. Viboko hutoka majini usiku kula majani, na hakuna kiatu cha kumshinda kiboko mbio.) Kwenye matope ya vilimani unahitaji meno ya milimita 5 au 6, yaliyoachana, ili tope lidondoke lisijaze soli. Kwenye jiwe lililolowa, urefu wa meno haukusaidii sana. Kinachoshika ni ulaini wa mpira. Bonyeza kwa ukucha: mpira unaobonyea kidogo hushika kuliko ule mgumu kama plastiki.

Kwenye vinamasi vya juu vya Rwenzori, acha raba. Huko watu huvaa gambuti, na wanajua wanachofanya.

Tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole nayo itazamwe. Viatu vingine vina milimita 10 au 12, vingine sifuri. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba wakimbiaji wa Kenya waliokulia pekupeku hutua zaidi kwa sehemu ya mbele ya mguu, na tangu hapo wengi wakakimbilia viatu bapa. Ukihama ghafla, misuli ya nyuma ya mguu na kano ya kisigino hulalamika. Hama kidogo kidogo, kwa majuma kadhaa.

Wengi wetu tutanunua mitumba, nayo si aibu. Kunja kiatu: kinapaswa kukunjika kwenye vidole, si katikati. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma. Kikiwa kimelalia upande mmoja, kimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Sponji iliyokakamaa na yenye mikunjo imekufa, hata kama juu kinang'aa. Vuta ukingo wa soli uone gundi.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi hasa. Tunaosha miguu mara kadhaa kwa siku, kisha tunaiingiza kwenye soksi ikiwa majimaji. Ngozi iliyolainika huchubuka haraka, na fangasi hupenda nafasi za katikati ya vidole. Beba kitambaa kidogo, kausha kila kidole, na uwe na soksi za akiba. Kuhusu kupangusa juu ya khofu, ambako mkaaji ana mchana na usiku wake, na msafiri siku tatu na usiku wake, masharti yake ni pamoja na kuvaa ukiwa na tohara na kufunika vifundo. Raba fupi ya kukimbilia haifuniki vifundo, basi ivue uoshe.

Ukirudi na kiatu kilicholowa, usikiweke karibu na jiko wala juani, maana gundi huachia. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe yakilowa, na ukiache kivulini penye upepo.