Kuupima mji kabla mvua haijaupima

Ukiingia ofisi ya mipango miji ya manispaa yoyote ukauliza kama mji uko tayari kwa maendeleo endelevu, utaonyeshwa mpango kabambe. Upokee, ushukuru, kisha uuweke kando. Unachotafuta ni uwezo wa kuutekeleza.

Usijitungie viashiria. Lengo la 11 kati ya Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa mwaka 2015 linahusu miji, na kiwango cha kimataifa cha ISO 37120 kipo tangu 2014. Chagua vichache ambavyo watendaji wa mitaa wanaweza kukupatia takwimu zake.

Anza na usafiri. Kipimo ni kaya ngapi ziko ndani ya mita 500 kutoka kituo cha daladala. Wavivu huchora duara kwenye ramani wakaishia hapo. Lakini umbali huo ni wa miguu, si wa rula: katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, nyumba inaweza kuwa ndani ya duara na mto ukawa katikati. Tembea mwenyewe, tena wakati wa masika, ukiongozana na mtu mwenye mtoto mgongoni.

Kwa ardhi, linganisha kasi ya mji kutanuka na kasi ya watu kuongezeka. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728, ongezeko la wastani wa asilimia 2.1 kwa mwaka. Pima eneo lililojengwa kwa picha za setilaiti za miaka hiyohiyo. Likikua kwa kasi kuliko watu, kila kaya itahitaji bomba refu zaidi.

Panapofichwa mengi ni vyooni. Dodoso likiuliza "mna choo?", karibu kila nyumba itajibu ndiyo. Wewe uliza kilinyonywa lini, na kama gari la majitaka linafika mlangoni au linakwama barabara kuu. Kisha uliza, kwa upole, nani hutapisha mvua ikinyesha. Uswahilini kila mtu anajua mambo hayo: shimo linatobolewa ubavuni usiku, uchafu unaondoka na maji hadi uani kwa jirani. Choo hicho mimi nakiandika sifuri, hata kama kimepigwa vigae.

Kuhusu mafuriko, waulize wenyeji. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora kata zinazofurika Dar es Salaam, na ramani zake zimo bure katika OpenStreetMap. Mzee wa mtaa atakuonyesha ukutani alama ya maji yalipofika.

Kwenye fedha, soma ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), uone kilichotumika badala ya kilichopitishwa na madiwani. Angalia na tarehe: hela za kuzibua mitaro zikitoka Mei, masika yanakaribia kuisha.

Halafu usitoe wastani wa manispaa nzima. Masaki ya matajiri na Tandale ya uswahilini zote ziko Kinondoni. Ukizichanganya utapata mji ambao hakuna anayeishi humo. Andika matokeo mtaa kwa mtaa, uyabandike kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya mkutano wa wananchi, ili wanaoyajua mazingira yao wakusahihishe hadharani.