Ukifika Leh, Lala Kwanza

Mdogo wangu unayesoma Pune, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikashika kichwa. Mko wanne, mna siku tano, na mnataka Ladakh nzima, ile ya milimani kaskazini mwa India: asubuhi mnatua Leh, mchana bonde la Nubra, kesho yake ziwa Pangong, halafu eti "tutapumzika tukirudi". Mtapumzika kweli, ila huenda ikawa wodini.

Leh iko mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kidogo tu ya kambi ya Horombo pale Kilimanjaro. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hufika Horombo siku ya pili, kwa miguu, na waongozaji wanamwimbia "pole pole" mpaka anachoka kuisikia. Wewe unatoka Delhi, mji ulio kwenye mita mia mbili na ushee, unakaa kwenye ndege saa moja na kitu, mlango ukifunguliwa uko Leh. Mwili haujapewa taarifa. Kila pumzi unayovuta pale ina oksijeni kama theluthi mbili tu ya uliyoizoea.

Haya nayajua kwa kichwa changu mwenyewe. Nilipofika nilijiona mzima, nikanywa chai, jioni nikapanda ngazi za Shanti Stupa nipige picha jua likizama. Picha nilipata. Saa nne usiku kichwa kinatwanga kama kinu, chakula sikitaki, na kila nikisinzia nashtuka natafuta hewa. Mama mwenye nyumba ya wageni aliniletea bakuli la thukpa, tambi zao za mchuzi, akanitazama kama mtoto aliyechezea moto, akanikataza kutoka kesho yake. Nikatii. Siku ya tatu ndipo nilipokula.

Kwa hiyo siku mbili za kwanza ni za kulala, kunywa maji na kutembea kivivu sokoni. Pombe hapana. Baadaye nendeni Nubra. Barabara ya kawaida hupita kwenye kipito cha mlimani cha Khardung La, zaidi ya mita 5,300. Pigeni picha moja, rudini garini, maana hapo si pa kukaa. Mkishuka kijiji cha Hunder, Nubra, mnalala chini kuliko Leh yenyewe, mnakuta vilima vya mchanga, ngamia wa nundu mbili na milima yenye theluji nyuma yao. Mimi napapenda kuliko Pangong, ingawa najua nyinyi ile filamu ya 3 Idiots ndiyo iliyowatia wazimu wa ziwa. Pangong ni zaidi ya mita 4,200. Kulala kule kabla mwili haujazoea ni kujitakia.

Sasa nisikilize vizuri. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Lakini mwenzenu akihema akiwa amekaa tu, akikohoa povu, au akianza kuyumba na kuongea ovyo kama mlevi, hiyo si safari tena: dawa yake ni kushuka, na haraka. Ubaya wa Leh ni kwamba barabara ya kwenda Manali hupanda kwanza, kupita mita 5,000, ndipo ishuke. Ndiyo maana mgonjwa mnamkimbiza hospitali akapewe oksijeni, hamsubiri "aamke vizuri".

Kabla ya kuondoka Pune, muoneni daktari, mumuulize kuhusu acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na mtaje kama kuna anayedhurika na dawa za salfa. Na hili watu wetu hulificha: mwenye sikoseli asiende huko. Hata aliyerithi upande mmoja tu na haumwi kitu, aongee na daktari kwanza, kwa sababu hewa nyepesi inaweza kumdhuru bandama.

Mengine madogo. Laini ya kuweka vocha mliyonunua Pune haishiki Ladakh. Hushika za kulipia mwisho wa mwezi. Nyinyi si raia wa India, kwa hiyo Nubra na Pangong mnahitaji kibali, na wakala wa Leh huwashughulikia. Mafuta ya mgando kwa midomo, miwani ya jua, sweta nzito hata kama ni Juni. Vijijini choo ni tundu na rundo la udongo. Ukimaliza unatupia chepe moja. Usikunje uso, kule mvua ni milimita mia hivi kwa mwaka, maji ya kuchezea hayapo. Na ninyi mlio Nairobi au Kampala mlioanza kutamani, kadi ya homa ya manjano iwe na siku kumi kabla hamjatua India.

Siku tano ziongezeni ziwe nane, au Pangong iacheni mwaka huu. Na tiketi ya kutoka Leh msiiunganishe na ndege ya kwenda nyumbani siku hiyohiyo. Hali ya hewa ikichafuka, ndege za Leh hazitui, na wa kulipia tiketi ya pili ni wewe.