Mraba Namba 38 Uko Wapi?

Tukiwa mwaka wa pili, kundi letu la watu sita lilipewa kazi ya kuchora mitaro ya maji ya mvua Tandale, Dar es Salaam, upande wa Mto Ng'ombe. Makubaliano yalikuwa kwamba tukimaliza, orodha ya mitaro na makalavati yaliyoziba tunaipeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ili yazibuliwe kabla ya masika. Kwa hiyo watu walikuwa wanatusubiri, achilia mbali maksi.

Mimi ndiye niliyekuwa "mtu wa QGIS". Nikatengeneza gridi ya miraba ya mita 100 kwa 100, safu 8 na mistari 10, jumla miraba 80. Kwenye lebo nikapita njia ya mkato. QGIS ikitengeneza gridi huweka yenyewe kolamu inayoitwa id, yenye namba 1, 2, 3 na kuendelea. Nikaziweka namba hizo kama lebo, nikachapisha, tukagawana miraba, tukaingia fildi.

Siku ya tatu tukagundua kuna nyumba upande wa kusini zimeachwa nje. Nikatengeneza gridi upya, safari hii na mstari mmoja zaidi chini, nikawachapishia wenzangu watatu karatasi mpya. Watatu wengine wakaendelea na zile za zamani. Mstari mmoja tu, nani ahangaike?

Sasa tazama kilichotokea. QGIS huanza kuhesabu kona ya juu kushoto, inashuka safu ya kwanza mpaka chini, ndipo inahamia safu ya pili. Gridi ikiwa na mistari 10, namba 38 iko safu ya nne, mstari wa nane. Ikiwa na mistari 11, namba 38 iko safu ya nne, mstari wa tano. Namba imehama mita 300 kwenda kaskazini na hakuna aliyeigusa! Tena miraba kumi ya kwanza haikubadilika kabisa, na mimi nilipohakiki nilitazama hiyohiyo, nikasema "freshi, endeleeni".

Tuliporudi kuonyesha rasimu, mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na kalavati lililoziba akaitazama ramani kwa muda. "Wanangu, si mlisimama hapa mkaandika? Mbona kwenye karatasi yenu hapa pasafi?" Kalavati lake lilikuwa limechorwa mita 300 mbali. Sikuwa na la kumjibu. Tukarudia kazi ya siku mbili.

Kosa langu lilikuwa kuupa mraba jina kwa zamu yake ya kuhesabiwa. Jina linatakiwa litokane na mahali mraba ulipo, ili hata gridi ikikuzwa au ikikatwa, jina libaki lilelile. Kwa skripti fupi hilo linawezekana. Fanya hivi.

Kwanza, tumia projekisheni ya mita. Dar es Salaam iko kanda ya 37 Kusini ya UTM, na kwa WGS 84 namba yake ni EPSG:32737. Angalia usichanganye na Arc 1960, iliyotumika kwenye ramani nyingi za zamani za Tanzania. Ukichukua koodineti za mfumo mmoja ukazisoma kama za mwingine, unapotoka takriban mita 300, yaani miraba mitatu ya kwetu.

Pili, chagua kona ya mwanzo, iandike kwenye daftari la kundi, na usiibadilishe tena. Iwe kaskazini-magharibi, mbali kidogo na eneo lako. Sisi tulichukua x 520000 na y 9255000. Unapotengeneza gridi, kingo zake ziangukie kwenye mamia kamili, kama 526200, ili miraba ilingane na kona hiyo.

Tatu, ongeza kwenye jedwali kolamu ya maandishi, iite jina. Chagua tabaka la gridi, fungua dirisha la Python ndani ya QGIS, kisha endesha hii:

```
X0, Y0, upana = 520000, 9255000, 100
alfabeti = 'ABCDEFGHJKLMNPQRSTUVWXYZ'

def herufi(n):
    neno = ''
    n = n + 1
    while n > 0:
        n, baki = divmod(n - 1, 24)
        neno = alfabeti[baki] + neno
    return neno

tabaka = iface.activeLayer()
kolamu = tabaka.fields().indexOf('jina')
tabaka.startEditing()
for m in tabaka.getFeatures():
    p = m.geometry().centroid().asPoint()
    safu = int((p.x() - X0) // upana)
    mstari = int((Y0 - p.y()) // upana) + 1
    tabaka.changeAttributeValue(
        m.id(), kolamu, herufi(safu) + str(mstari))
tabaka.commitChanges()
```

Tuisome pamoja. Kwa kila mraba, skripti inachukua kitovu chake, inapima kiko safu ngapi mashariki ya kona na mistari mingapi kusini. Kwa nini kitovu na si ukingo? Ukingo ukiwa 526499.9999 badala ya 526500, mraba unahesabiwa safu ya jirani. Kitovu kiko mita 50 kutoka kila ukingo, hakiyumbi.

Alfabeti ina herufi 24 kwa sababu nimeondoa I na O. Kwa mwandiko wa fildi, juani, I inageuka 1 na O inageuka sifuri. Hata mfumo wa kijeshi wa MGRS unaziruka herufi hizo mbili. Herufi zikiisha kwenye Z, kitanzi cha while kinaendelea na AA, AB, kama safu za Excel.

Jaribu kwa mkono: kitovu kiko x 526550, y 9249350. Kutoka kona ni safu 65 kamili na nusu, na mistari 56 na nusu. Skripti inatoa BT57.

Ukiona lebo yenye namba bila herufi, mraba huo uko magharibi ya kona. Ukiona sifuri au namba hasi, uko kaskazini yake. Usiisogeze kona baada ya karatasi kutoka. Ndiyo maana inawekwa mbali tangu mwanzo.

Mwisho, kwenye mipangilio ya lebo chagua kolamu ya jina. Unaweza kuandika fomula ndani ya lebo yenyewe, lakini nashauri jina likae kwenye jedwali. Mwenzako akifungua faili kwenye kompyuta yake analikuta, na ukitumia Atlas kuchapisha kila mraba ukurasa wake, jina hilo linakuwa jina la ukurasa.

Kabla ya kuchapisha, fanya jaribio nililoliruka mimi. Tengeneza gridi ya pili yenye mstari mmoja zaidi, iendeshee skripti, kisha linganisha miraba mitatu ya katikati, si ya pembeni. Majina yakilingana, chapisha.

Orodha tuliyompelekea mwenyekiti hatimaye ilikuwa na kalavati la mama wa vitumbua, mraba BT57. Kabla ya kuipeleka tulipita kwake na ramani, akaweka kidole mwenyewe pale lilipo.