Mtoto wa Kuasili Aitwe wa Nani?

Leo tuangalie Wayahudi. Jina la Kiebrania hufuatwa na la baba: Daudi ben Yakobo, yaani mwana wa Yakobo. Haya, na yule wa kuasiliwa je? Kama mama mzazi si Myahudi, mtoto huingizwa kwanza katika dini, na kwa desturi huitwa mwana wa Ibrahimu, kama mwongofu yeyote. Lakini hapo kila akiitwa kusoma Torati watu watajua hakuzaliwa humo! Ndiyo maana marabi wengi huruhusu jina la baba mlezi, kwani Talmudi humhesabu anayemlea yatima nyumbani mwake kama aliyemzaa. Wengine humpa hata jina la babu aliyefariki. Musa mwenyewe alipewa jina na binti Farao, mama yake wa kulea (Kutoka 2:10).